Msalaba Mwepesi Mno

Leo swahiba wangu amenirudishia msalaba makaburini.

Natengeneza misalaba kwa plastiki iliyoyeyushwa na mchanga. Mchwa hawaili, na unaifunga kwenye baiskeli mpaka kijiji jirani kiitwacho Ulaya. Kila msiba, yeye ndiye alikuwa ananipigia debe!

Leo tumemzika mama yake. Nimefika na msalaba, jina nimechonga mwenyewe.

Kaunyanyua kwa mkono mmoja. "Ndugu yangu, huu mwepesi mno. Watu watasema mama sikumpenda."

Kumbe alishaagiza wa zege Mikumi. Umebebwa na wanaume wanne, jasho linawatoka.

Jamani, mama huyohuyo ndiye aliyejitwika msalaba wangu wa kwanza kichwani, akacheka: "Mwanangu, na mimi utanitengenezea kama huu."

Nimerudi nao nyumbani. Una jina lake. Nimpe nani?