Mkebe wa Vitambulisho

Mfuaji wetu alipiga pasi shuka hadi kona zote nne zikakutana kama kurasa za kitabu, na hilo ndilo lililoniponza. Sijawahi kulisimulia jambo hili bila kujitetea. Leo nitajaribu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika nyumba ya wageni yenye vyumba tisa mjini Kitui. Mwenyewe alikuwa mama Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani kufanya biashara, akabaki. Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Aliniajiri ukarani nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, bila cheti. Kazi nilijifunza peke yangu kutoka kwa kitabu kilichong'oka jalada, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kuniambia nimefaulu, niliogopa kila siku kwamba nimekosea. Taulo nilizihesabu jioni, na asubuhi nikazihesabu tena, kana kwamba zingezaana.

Kitabu kilisema hati muhimu zifungiwe. Basi nikakusanya vitambulisho vya wafanyakazi, nikavipanga kwa herufi ndani ya mkebe wa biskuti uliochorwa maua, nikatia kufuli. Mpishi alitoa chake, akarudi kukata vitunguu. Bawabu, mzee aliyewahi kufanya kazi kwa walowezi, aliutazama mkebe akacheka.

"Enzi za mkoloni kitambulisho kiliitwa kipande, tulikivaa shingoni kama kengele ya mbuzi," aliniambia. "Wewe umekijengea nyumba yenye maua. Tumeendelea."

Nilidhani ananisifu.

Mfuaji ndiye aliyesita. Wanawake walikuwa wameanza kupewa vitambulisho miaka michache tu nyuma, na chake alikibeba kifuani, kimefungwa ndani ya leso. Kwenye picha alivaa hereni za kuazima. Nilimwambia kwangu kitakuwa salama zaidi, na niliamini hivyo.

Alhamisi moja akakiomba. Shule ya wasichana kwao Nunguni ilimtaka jikoni, karibu na mama yake na watoto wake wawili, ambao alikuwa akiwaona Krismasi na Pasaka tu. Alitakiwa kufika Jumatatu na kitambulisho mkononi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Nikamwambia angoje nimalize orodha ya shuka. Aliporudi baada ya chakula cha mchana, nikasema siuoni ufunguo. Ufunguo ulikuwa ndani ya soksi yangu, naukanyaga kila hatua. Ijumaa nikamweleza kuwa utaratibu unamtaka atafute kwanza mtu wa kushika nafasi yake. Utaratibu huo niliutunga palepale, nimesimama.

Sikumchukia. Nilimpenda, ndiye aliyeniwekea muthokoi wa mahindi na maharagwe kwenye bakuli nikisahau kula. Niliogopa tu shuka zitakazokunjwa na mtu mwingine. Yaani nilimzuia mtu mzima kwenda kwa watoto wake kwa sababu ya kona za shuka.

Jumamosi asubuhi mama mwenye nyumba aliniita jikoni. Mkebe ulikuwa mezani, na mfuaji amesimama kando ya jiko akitazama sakafu. Niliambiwa nifungue. Nikavua kiatu mbele yao, kisha soksi. Mpishi akaigeukia sufuria ili nisione anavyocheka. Mama akavitoa kimoja kimoja, taratibu, kama anayechagua dengu.

"Cha mpishi. Cha mfuaji. Cha bawabu. Na chako, karani, kiko wapi?"

Changu kilikuwa mfukoni. Haikuwahi kunijia kukitia mle.

Hakunifokea, ingekuwa nafuu angenifokea. "Mwanangu, mtu akitaka kuondoka hapa, aondoke mchana, na tumfungie chakula cha njiani."

Kabla sijajibu, muuza makaa akaingia na magunia ya wiki. Alipouona mkebe alifurahi. Akasema hata yeye amenunua wa kwake, na wachomaji wake watatu huko msituni hawatoroki tena. Karani ndiye aliyemfundisha. Ilikuwa kweli. Nilimwonyesha kwa majivuno mwezi uliotangulia.

Mama akamwamuru ayarudishe magunia kwenye mkokoteni. Hangenunua tena mpaka wachomaji wale wawe na vitambulisho mifukoni mwao. Muuza makaa akamkumbusha kwamba nyumba imejaa wageni. Akajibiwa kuwa watakunywa chai ya kuni. Mimi nikapewa kazi ya kufuatana naye, nimfundishe upya.

Lakini kwanza nilimkabidhi mfuaji chake, kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya kuomba radhi. Hakuyangoja. Alinivuta kwenye meza ya pasi, akanionyesha: nyunyiza maji, anzia katikati, kona mwisho.

"Na usijiue kwa kona, dada karani," alisema. "Wageni hulala wamefumba macho."

Akapanda basi la saa nne, chapati zikiwa ndani ya gazeti.

Njia yote ya kwenda msituni muuza makaa alinung'unika kwamba makarani hawajui wanachotaka. Lakini vitambulisho alivirudisha, nikiona kwa macho yangu. Mchomaji mmoja alikigeuzageuza chake, akakitia ndani ya kofia, na wiki hiyohiyo akaenda kwao. Wawili walibaki.

Jumatano kondakta wa basi alituletea salamu: mfuaji amepokelewa, na wasichana wa shule tayari wanamwita mama. Niliisikia habari hiyo nikipiga pasi. Nilitulia kidogo kuifurahia, nikaiunguza shuka.

Mama hakuitupa. Aliitandika kwenye kitanda changu, na miaka yote niliyokaa pale nililalia alama ile ya pasi.