Fremu ya Vidole

Mtoto wa kaka wa mjane mmoja ni mwongozaji wa kundi la vijana kutoka nchi tatu wanaoigiza, kama asemavyo mwenyewe, kwa niaba ya wanyonge. Hazungumzi na mtu kabla ya kuunda fremu kwa vidole na kumchungulia ndani yake. Sauti yake ni laini, kama ya muuguzi aliyeficha sindano nyuma yake. "Hapa kila mmoja ana sauti," huwaambia wenzake, kisha humkatiza wa kwanza kufungua kinywa. Mjane huyo, shangazi yake, aliyewapa sebule ya kufanyia mazoezi, aliyavumilia hayo yote, pamoja na viatu juu ya zulia, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji.

Siku ya onyesho alikaa mbele na majirani. Jukwaani akaona kiti cha marehemu mumewe, na msichana aliyejikunja juu yake akiigiza mjane mwenye maringo, anayemfukuza mchumba wa mwanawe eti hana ukoo. Jirani akamgusa kiwiko. "Dada, huyo si wewe?"

"Mimi sijikunji."

Mchezo wao una kanuni: mtazamaji akisema "simama," waigizaji huganda, naye hupanda kuchukua nafasi ya anayeonewa. Mjane akasema simama. Akapanda, akamwinua msichana taratibu, akaketi wima. Vidole vya mwongozaji vikabaki hewani, fremu imevunjika.

"Shangazi," akanong'ona, "unatakiwa uchukue nafasi ya anayeonewa."

"Ndiyo hii nimeichukua, mwanangu," akajibu, ukumbi mzima ukisikia. "Haya, endeleeni."