Kitenge cha Yaya kiko chini ya godoro langu

Admin, naomba ufiche jina langu. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Kitenge ambacho dada yangu anakililia, akidhani bibi hakumtumia, nimekificha mimi.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne na nipo nyumbani Kawajense, hapa Mpanda, nasubiri matokeo. Mimi siyo muongeaji. Baba ni Msukuma, mama ni wa Ikola, ziwani. Kwa kina mama dada mkubwa anaitwa Yaya, neno lililovuka ziwa na watu wa Kongo. Wadogo zangu watatu waliniita hivyo tangu wanaanza kuongea. Majirani walinicheka, maana mjini yaya ni msichana wa kulea watoto. Bibi mzaa baba akija alikuwa anawatania, "Yaya, yaya! Kisukuma hiyo ni hapana. Sasa nyie mnamkataa nani?" Sikujali. Lilikuwa langu.

Mwaka jana mama akamleta binti yake wa kwanza, aliyemzaa kabla ya kuolewa na baba. Ana miaka ishirini na mbili, amelelewa na bibi mzaa mama huko Ikola. Siku hiyohiyo mama akawaambia wadogo zangu, "Yaya wenu ndiye huyu."

Mdogo wa mwisho akaninyooshea kidole. "Na huyu je?"

"Huyo si ana jina lake? Mwiteni hilo."

Wakacheka wote. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Tangu hapo yeye ndiye anayepakua chakula, yeye ndiye anayewasuka wadogo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ni mtu mzuri. Akipakua mgebuka, samaki wa ziwani kwao, mnofu mnene ananiwekea mimi. "Kula mdogo wangu, umekonda." Nakula huku namchukia.

Kwa kina mama kuna desturi. Bibi akiona nguvu zinamwisha, anamtumia mjukuu wa kike mkubwa kitenge chake mwenyewe. Anayepewa lazima aende akivae mbele ya bibi. Asipoenda, ni sawa na kukirudisha.

Miezi miwili iliyopita nilitumwa stendi kupokea mzigo wa samaki. Mama mmoja aliyetoka nao Ikola akanipa na mfuko mweusi. "Hiki cha Yaya. Bibi yenu amesema asichelewe, anamsubiri."

Nilijua kabisa ni cha nani. Nyumbani nilitoa samaki tu. Usiku wadogo walipolala nilijifunga kile kitenge. Kinanukia moshi na mafuta ya mawese. Nilijiita Yaya kwa sauti ndogo, nikaona aibu, nikakikunja.

Wiki iliyopita bibi alipiga kwa simu ya jirani yake. Anaumwa, hata chakula hali vizuri. Mama aliweka sauti kubwa tukasikia wote. "Niambie ukweli mwanangu, Yaya amenikataa?"

"Amekukataa vipi tena, mama?" Simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Dada alitoka nje. Nilimfuata, nikamkuta amekaa kwenye ndoo nyuma ya jiko. Akaniambia, "Yeye ndiye aliyenikataa. Angekuwa ananipenda angeshanitumia kitenge. Labda ameona mimi siyo wa huku wala wa kule." Akanishika mkono, mimi!

Jumamosi anapanda basi kwenda kumuona bibi. Atafika mikono mitupu, na bibi atamuuliza. Nikiwaza bibi afe akiamini mtoto aliyemlea amemkataa, silali. Nikiwaza kusema, naona mama atakavyoniangalia, na wadogo zangu hata jina langu hawatalitaka.

Nishaurini jamani, dada zangu na mama zangu humu. Nikitie kimyakimya kwenye begi lake, au nimwamshe alfajiri nimkabidhi nikiwa nimepiga magoti? Nataka kumuita Yaya, hata mara moja. Sijawahi.

Na wewe wa Kawajense uliyeshanitambua, nakuomba usimwambie mtu. Nivumilie mpaka Jumamosi, dada alisikie kutoka kwangu.