Machozi ya Betri

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu betri hazikuvuja, zililia. Hivyo ndivyo alivyosema Dani, mama mzazi wa Baba, tuliyeishi naye katika nyumba ya kupanga huko Huruma, Eldoret. Betri ya redio ikitoa ule utomvu wake wa kunata, Dani alisema imeona msiba kabla yetu. Machozi hayo hayakuguswa na maji kamwe. Yalifutwa kwa kitambaa kikavu na betri ikatupwa mbali, kwa sababu ukiyaosha umeukaribisha msiba, na mtu wa nyumba hiyo atakufa. Nilimpenda Dani, nampenda hata sasa alipo kaburini. Lakini nikikumbuka sharti lake hilo, damu inanichemka.

Redio yetu ilikula betri kubwa, na zikichoka tulizichaji kama kila mtu pale plotini: unazianika juani juu ya mabati, zikichoka tena unaziuma kidogo kwa meno, na mwisho unazipasha kando ya jiko. Zilikuwa betri za kutumia na kutupa. Hazikutengenezwa kuchajiwa na chochote, sembuse makaa. Ziliamka, zikaimba wimbo mmoja na nusu, zikalala, na sisi tukajiona wajanja.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, Baba alikuwa kazini Elgon View, alikotunza bustani ya watu. Hakurudi. Vijana walikuwa wamepanga mawe barabarani wakiuliza watu majina ili wajue kabila, na jina la Baba, la mtu wa kutoka ziwani, lingetosha kumuua. Baadhi ya walioshika mapanga walikuwa wamenunua sukumawiki kwa Mama juma lililotangulia. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiziita siku zile vurugu, kana kwamba zilinyesha zenyewe.

Mama hakuweza kutoka kumtafuta. Redio ndiyo iliyomwambia barabara ipi imefungwa na watu wamekimbilia wapi. Kisha alasiri moja ikazimika, na maduka yote yalikuwa yamefungwa.

Anko Ouma, ndugu yake Mama aliyekuwa amekimbilia kwetu, akaifungua kwa nyuma. Betri mbili zilikuwa zimelowa.

"Ouma, hizo zimelia," Dani akasema. "Tupa."

"Dani, nikitupa tutaskia news na nini? Wacha nichaji kidogo tu."

"Chaji," Mama akasema. "Nataka kujua kama wamefungua barabara."

Kwa ile haraka, Anko hakuziweka kando ya jiko. Alizipanga juu ya makaa yenyewe, akamwambia dada yangu Atieno azigeuze kwa kijiko asije akaziunguza. Atieno alikuwa darasa la saba, mtu wa kufanya jambo sawasawa akitumwa. Akainama kabisa aone vizuri. Betri moja ikapasuka. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa, ni kama kifuniko cha sufuria kinapoanguka. Akashika jicho la kushoto, na shavuni kwake kukawa na rojo jeusi.

Mama alirukia mtungi wa maji. Ulikuwa umejaa, tulikuwa tumeweka akiba kwa woga. Dani akasimama mbele yake.

"Usiguze na maji. Unataka mtoto wangu afe huko aliko?"

Mama akabaki ameshikilia ule mtungi. Jicho la mtoto lilikuwa upande mmoja na mume upande wa pili, na alikuwa anaamini, kama sisi sote. Akauweka chini. Atieno alifutwa kwa leso kavu huku akisema, "Mama, inachoma. Mama, inachoma." Hospitali haikuwa mbali, lakini mawe yalikuwa barabarani.

Jioni jua halijatua, Baba akaingia. Shati lilikuwa limeraruka na miguu ina tope, maana alikuwa amezunguka kupitia mashamba ya Kiplombe. Alikuwa mzima. Dani alipiga magoti akashukuru Mungu, kisha akatugeukia. "Mmeona?"

Barabara ilipofunguliwa tukampeleka Atieno hospitali. Daktari akamwita Mama nje ya pazia, nami nilikuwa nimeshika sketi yake.

"Mama, hamkuwa na maji?"

"Yalikuwepo."

"Mngemwagia tu. Mengi, kwa muda mrefu, halafu mumlete." Jicho halikupona.

Kilichoniudhi miaka yote hii ni yaliyofuata. Dani hakuomba dua bila kumtaja Atieno, mtoto aliyetoa jicho baba yake arudi. Wageni waliambiwa na wakamshika mkono. Anko Ouma, aliyeweka betri kwenye moto, alitikisa kichwa kwa heshima pamoja nao. Waliopanga mawe hata hawakutajwa. Na Mama, aliyeambiwa ukweli kwa kinywa cha daktari, alinyamaza.

Mwaka jana nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Atieno jikoni kwake akichambua mboga, nikamweleza alichosema daktari. Hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema. "Mimi walinifunga jicho, si masikio."

"Na ukanyamaza?"

"Mama aliweka hiyo maji chini kwa sababu ya Baba. Ningemwambia ilikuwa bure, angeishi aje?"

Nilikuwa nimeenda pale na hasira nikidhani namletea haki yake, kumbe alikuwa amebeba ukweli huo tangu darasa la saba, akatuacha sisi wengine tulale usingizi. Dani amekufa akiamini aliokoa mwanawe. Mama bado anaamini, au anajilazimisha. Baba hukaa upande wa kulia wa Atieno kila tukikutana, asilione lile jicho. Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe. Ila sasa inatugusa sisi sote wa nyumba ile, tulioona ni rahisi kumshukuru mtoto kuliko kumwomba msamaha.