Uzito Mkavu wa Mzee Issa

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha kusafisha damu, hapa Dodoma mjini, Sista Mkuu alinikabidhi mizani na kitambaa cha kuifutia. Nilikuwa nimetoka Mpwapwa, mhudumu wa wodi kwa miaka mingi, elimu yangu darasa la saba. Nikadhani kanipa kazi ndogo. Akaniambia, "Ukikosea hapa, mashine zote zile zinakosea nyuma yako."

Alisema kweli. Mtu ambaye figo zimeshindwa hakojoi vya kutosha. Maji yanabaki mwilini, na mashine ndiyo inayoyatoa. Kila mgonjwa hupangiwa na daktari uzito anaotakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatoka. Sisi tuliuita uzito mkavu. Mgonjwa anapimwa akiingia, anapimwa akitoka, nami naandika. Kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu, na nadhani niliifanya vizuri, ila kwa Mzee Issa niliteleza.

Mzee Issa alikuwa mkulima wa Kolo, kule Kondoa, aliyehamia mjini kwa binti yake Mwajuma ili awe karibu na mashine. Mtu wa utani. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba na kuniuliza leo anauzwa kilo ngapi. Kisha akaanza kuishiwa pumzi. Kutoka getini mpaka kitandani anasimama mara tatu. Daktari wa zamu hakumkuta na kichomi wala kifua kikuu. Daftari langu nalo lilisema kila akitoka yuko kwenye uzito wake mkavu, sawasawa. Nikajiambia upande wetu hauna kosa, basi mzee anakunywa maji kwa siri. Nikamweleza Mwajuma hivyo, na kwa uhakika wote. Naye, kwa kumpenda baba yake, akauhamishia mtungi wa maji chumbani kwake na kufunga kufuli.

Hazikupita wiki mbili, mzee akanijia bila utani.

"Umeniita mwizi wa maji ndani ya nyumba ya mwanangu," alisema. "Ijumaa nakwenda Kolo. Sirudi."

Kitengo kizima tulijua maana yake. Bila mashine asingemaliza wiki nyingi.

Alipopanda mizani siku hiyo alivua koti, nami nikaona mkanda wake. Umetobolewa kwa msumari matundu matatu mapya, na ncha yake inaning'inia. Nikamuuliza tangu lini. Akajibu, tangu chakula kilipoanza kumshinda. Mtu kakonda matundu matatu, halafu uzito wake haujashuka hata kilo? Nyama ilikuwa imetoka, maji yakakaa mahali pake, na mimi naandika "sawa".

Sikuwa na hakika kama mtu wa elimu yangu anaweza kumwambia daktari kitu. Sista Mkuu ndiye aliyenishika mkono mpaka kwa daktari wa figo. Daktari huyo angeweza kunipuuza. Alinitaka nirudie tena, polepole, kisha akaagiza mzee apimwe moyo kwa ultrasound, ila mashine ikishatoa maji, kwa sababu maji mengi yanaweza kuvuruga majibu.

Ikaonekana shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu liko juu. Hili si lile la kupimwa mkononi. La mkononi linaweza kuwa zuri na hili likawa baya.

"Mzee, moyo wako unasukuma damu kwenye mapafu kama mtu anayesukuma mkokoteni kwenye mchanga wa korongo," daktari alimwambia. "Na hukukosea wewe. Uzito tuliokupangia ni wa mtu mnene kuliko wewe."

"Maneno hayo mwambie Mwajuma," mzee akasema.

Mwajuma akaitwa, akaambiwa mbele yetu sote. Nami nikasema kwamba aliyemsingizia baba yake ni mimi. Alilia kidogo, akamshika baba yake bega. Ijumaa mzee alikuja kwenye mashine.

Uzito ulishushwa kidogo kidogo, maana kuyatoa maji yote kwa pamoja kungemwangusha. Ule mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa ajili ya mashine ulikaguliwa pia, kwa kuwa ukipitisha damu nyingi mno nao huuelemea moyo. Wa kwake ulikuwa salama. Pumzi ikarudi, si yote. Daktari alituonya kwamba kwa wenye figo mbovu ugonjwa huu una vyanzo vingi, na si kila mmoja atapata nafuu kama yeye. Nimeliandika hili ili nisimdanganye mtu.

Utani nao ulirudi. Aliwaambia wenzake wa vitanda vya jirani kwamba bwana mizani anakagua mikanda siku hizi, wakae chonjo.

Sijui kama nastahili sifa yoyote hapo. Kosa lilikuwa langu kwanza. Lakini tangu siku ile mpaka nastaafu, sikumpandisha mgonjwa mizani kabla ya kumuuliza jana alikula nini na nguo zinamkaaje. Wengine niliwachosha. Nyinyi mnaoishika kazi hii sasa, wachosheni.