Nimeongeza watafiti wa magonjwa kwenye gemu, msiba ukazuia dawa

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenitokea mwenyewe, nyumbani Muleba, na sijaongeza chumvi.

Nimemaliza chuo, kazi bado, muda mwingi niko kwenye laptop. Kuna gemu la kujenga makazi: unawapa watu kazi, huyu mkulima, huyu askari. Ugonjwa ukiingia, unasubiri tu wafe au wapone. Nikaandika mod, yaani nyongeza ya gemu, yenye kazi mbili mpya, mtafiti wa magonjwa na mtengeneza dawa.

Makazi nikayafanya kijiji chetu baada ya vita ya Uganda, ukimwi ulipoingia. Migomba, nyumba, makaburi ndani ya kibanja, shamba la nyumbani.

Na kwa kuwa nafikiri kupita kiasi, nikaweka hadi msiba. Akifa mtu, hakuna anayefanya kazi mpaka siku za msiba ziishe.

Hapo nikajifunga. Msiba juu ya msiba, mtafiti hakuingia maabara hata mara moja. Kijiji kikaisha.

Rafiki yangu Masanja, Msukuma anayeishi Bukoba mjini na anayenijaribia mod, alicheka: "Wahaya nyie, mtaisha mmekaa msibani! Futa hiyo kitu."

Nilishindwa kufuta. Shangazi Leokadia, aliyenilea, alizika ndugu zake miaka ile. Nikaanza kujiuliza: nimegeuza kilio chake mchezo?

Nikaanzisha kijiji upya, nikaamua nimwonyeshe. Akiumia, nafuta mod yote.

Akavaa miwani, akatazama.

"Migomba ina majani makavu," akasema mwishowe. "Nani anayapunguza?"

"Wako msibani, Shangazi."

"Wote?"

"Wote."

"Waitu, jamani! Tungefanya hivyo, wewe ungezaliwa na nani?"

Akanieleza. Vita ilikuja ikaondoka, ugonjwa ukakaa. Wazee wakakutana, wakapunguza siku za msiba. Wakishazika, wachache wanabaki na wafiwa, wengine shambani.

"Tulilia huku tunapalilia. Machozi hayashiki jembe, mikono ndiyo inashika."

Nikabadilisha code akiwa pembeni. Mtafiti akaenda kazini na huzuni yake. Dawa ikapatikana. Wengi walishakufa, lakini ikapatikana.

Shangazi akanyooshea kidole msichana mmoja kitandani. "Huyu nani?"

"Hana jina."

"Mwite Adelina."

Jina la mdogo wake. Mimi nalijua kaburi lake tu, lile la karibu na mibuni.

Nikaandika jina, nikampa dawa. Adelina akainuka, akachukua jembe.

"Mnyang'anye," Shangazi akasema, akifuta miwani. "Huyo jembe hakuliweza kamwe. Mpe kazi ya dawa."

Wakuu, nilidhani lazima nichague, kuheshimu wafu au kuokoa wazima. Wazee wetu walipata njia wakiwa hawana dawa yoyote. Nawavulia kofia.

Wa Bukoba na Muleba, kwenu walipunguza nini ili maisha yaendelee? Niambieni, niweke. Na mkiona kosa kwenye mod, semeni taratibu, nisije nikakosa usingizi.

Adelina bado yuko maabara.