Wimbo Nilioufasiri Mombasa

Mume wangu alipohamishiwa ofisi ya reli Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilidhani nitakufa kwa joto na upweke. Kilichoniokoa ni ukumbi wa jamii uliokuwa nyuma ya nyumba zetu za wafanyakazi. Siku za kazi akina mama tulijifunza kushona mle. Jumapili alasiri kulikuwa na taarabu au mchezo wa kuigiza. Mimi, msichana wa Kwanza, kijiji cha karibu na Kitale, niliyekulia kwenye shamba la mahindi la mzungu, nikajifunza kusimama jukwaani. Nikapenda kupigiwa makofi. Nikapenda kupita kiasi.

Wiki moja kabla ya mchezo wetu mkubwa, telegramu ilifika. Mke wa mjomba wangu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa sijaota meno, alikuwa mgonjwa sana. Niende upesi. Safari ya treni hadi Kitale ilikuwa siku mbili, na mimi nilikuwa nimepewa sehemu ya mama mwenye mtoto mahututi. Hakuna mwingine aliyeyajua maneno yake. Nikajibu kwamba mimi mwenyewe nina homa, siwezi kusafiri.

Jumapili ile nililia jukwaani hadi wanawake wa mstari wa mbele wakatoa leso. Kule Kwanza, mke wa mjomba walikuwa wameshamzika.

Mwaka uliofuata kamati ya ukumbi iliandaa alasiri ya nyimbo za bara na pwani, kila mtu alete mpigaji wa kwao. Nikajigamba kwamba mjomba wangu anapiga litungu, kinubi chetu cha nyuzi saba, na kwamba hana mwenzake kutoka Bungoma hadi Saboti. Mume wangu akampatia tiketi.

Alishuka stesheni amevaa koti zito la baridi ya Mlima Elgon, litungu amelifunga kwenye blanketi.

"Pole kwa msiba, mjomba," nilisema, macho chini.

"Nimepoa, mwanangu. Na wewe, ile homa ilikuachilia?"

Nikasema iliniachilia.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mjomba alikaa kwenye kigoda, akaegemeza litungu kifuani, akaanza polepole. Nilikuwa nimesimama kando yake, tayari kufasiri. Sikuwahi kuusikia wimbo ule. Aliimba kwa Lubukusu, lugha yetu, kwamba mama wa nyumba alitazama barabara ya Kitale siku tatu; kwamba aliomba mlango usifungwe; kwamba mtoto aliyemlisha uji kwa kidole chake hakuonekana, na mahindi mabichi aliyowekewa yamekauka jikoni.



"Dada, hebu tufafanulie," alisema bwana aliyekuwa akiongoza shughuli. "Mzee anatwambia nini?"

Mjomba alijua Kiswahili. Alikuwa amezungumza Kiswahili na mnyapara wa shamba miaka ishirini. Nami nikageukia watu, nikatabasamu.

"Ni wimbo wa mavuno," nilisema. "Anamsifu mkewe. Alipika ugali mwingi mpaka wageni wakashindwa kuinuka."

Ukumbi ulicheka. Mtu mmoja akapaza sauti nyuma, "Mzee, nasi tualike!" Makofi yakapigwa.

Mjomba alinitazama. Kisha akainamia litungu, akakaza uzi ambao haukuwa umelegea.

"Huyu mtoto amesema kweli," akawaambia. "Sasa mimi naimba ingine ya mavuno."

Na huo kweli ulikuwa wa mavuno. Nilipoufasiri, sauti yangu ilitetemeka, watu wakadhani ni furaha ya kumpata mgeni.

Asubuhi ya pili nilimsindikiza stesheni. Tukiwa tumesimama kando ya behewa nilisema, "Mjomba, ule wimbo wa kwanza..."

"Niliutunga kwenye treni," alisema. "Kule Kwanza siwezi kuuimba, watu watakusema vibaya. Huku nilijua utausikia wewe peke yako."

"Sikuwa na homa, mjomba."

"Najua. Yeye hakujua. Mpaka mwisho alikuwa anakuombea upone."

Akapanda na litungu lake. Nilitaka kumshika koti lakini treni ilikuwa imeshaanza kusogea, na jirani yangu mmoja wa kamati alikuwa akinipungia mkono kutoka upande wa pili, akinipongeza kwa mgeni niliyemleta.

Desemba nilikwenda kwetu Kwanza. Mjomba alinionyesha kaburi nyuma ya ghala, nikang'oa magugu kwa mikono, kisha nikakaa wiki mbili nikimsaidia kupukuchua mahindi. Majirani walikuja kunisalimu, nikawapikia chai. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mjomba hakunikaripia hata mara moja, akanihesabia mahindi mabichi ya kubeba kwenye safari yangu ya kurudi. Ningeshukuru sana kama angenikaripia.